Milioni 20 kila mahali: kisa cha madarasa ya UVIKO na ununuzi wa halmashauri

Mkuu wa shule ya sekondari ya kata kasomea kufundisha Jiografia, au Hisabati, au Kiswahili. Novemba 2021 alijikuta akiulizia bei ya nondo za milimita 12, akibishana na fundi kuhusu ndoo ngapi za mchanga ziende na mfuko mmoja wa saruji, usiku akiandika muhtasari wa kikao cha kamati ya manunuzi, na alfajiri akipokea simu kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya kuulizwa msingi umefikia wapi. Walimu wakuu wa shule za msingi zenye shule shikizi (matawi yao ya vitongojini) walikuwa kwenye mbio hizohizo. Siku walipoteuliwa, hakuna aliyewaambia kwamba watakuwa pia maofisa ununuzi.

Kisa chenyewe ni ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 Tanzania Bara, uliofanywa na halmashauri kwa fedha za kukabili athari za UVIKO-19 (korona) katika robo ya mwisho ya 2021. Nimekichagua kwa sababu kinawachanganya watu wa pande zote mbili. Wanaosema halmashauri zetu hazina uwezo wanapata shida kueleza namna madarasa hayo yalivyosimama. Wanaosema mambo yalikwenda vizuri wanapata shida kueleza hoja za ukaguzi zilizofuata. Na mafanikio na kasoro zote zinarudi kwenye jambo moja: namna ununuzi ulivyopangwa, na pale ambapo haukupangwa.

Fedha na kalenda

Septemba 7, 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dharura kwa Tanzania wa dola milioni 567.25. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule ni takriban trilioni 1.3. Oktoba 10 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma mpango wa kuzitumia fedha hizo katika afya, maji, elimu na sekta nyingine. Upande wa elimu chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, kubwa lilikuwa madarasa: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo zinazoanzishwa vitongojini ili watoto wadogo wasitembee kilomita nyingi kufuata shule mama. Kila chumba kilipewa shilingi milioni 20, samani zikiwa humohumo. Zidisha, unapata bilioni 300.

Sharti lilikuwa vyumba viwe tayari wanafunzi wa kidato cha kwanza watakapofungua shule Januari 2022. Toka siku ya uzinduzi hadi Desemba 31 ni siku 82. Aliyewahi kukaa kwenye kitengo cha ununuzi cha halmashauri anajua siku 82 zinaishia wapi ukitangaza zabuni: kuandaa nyaraka, tangazo, kufungua, tathmini, kikao cha bodi ya zabuni, kusubiri walioshindwa walalamike, upekuzi wa mkataba, saini, kumkabidhi mkandarasi eneo. Mkandarasi anafika eneo la kazi mwezi wa kwanza, watoto wamekaa chini ya mwembe.

Kwa hiyo ikachaguliwa fosi akaunti. Kwa wasiokutana nayo: taasisi yenyewe inakuwa mkandarasi wa kazi yake. Inanunua saruji, bati, nondo na mbao, kisha inapatana na fundi wa eneo hilo na kumlipa ufundi. Haikuzuliwa 2021. Ilikuwamo kwenye Kanuni za Ununuzi wa Umma za 2013 zilizotumika wakati ule, kanuni ya 167, na masharti yake yalikuwa yameandikwa: kazi ziwe ndogo na zimetawanyika, au ziko mbali kiasi kwamba makampuni ya ujenzi hayatajitokeza kwa bei inayoeleweka, au iwe dharura, au taasisi iwe na watumishi wenye sifa za kuifanya na kuisimamia kazi. Serikali ilikuwa imeshaitumia miaka kadhaa kwenye vituo vya afya na kumalizia maboma, yaani majengo yaliyoishia kwenye kuta.

Angalia masharti hayo moja moja. Ndogo na zilizotawanyika, ndiyo. Darasa mbili hapa, tatu kule, kata nzima katikati. Dharura, kwenye karatasi ndiyo, na nitalirudia hilo mbele. Watumishi wenye sifa, hapo ndipo penye pengo. Halmashauri nyingi zilikuwa na mhandisi mmoja au wawili na gari moja linalogombewa na idara zote. Sharti lile la watumishi likachukuliwa kama limetimia kwa sababu yale mengine yalitimia.

Kilichofanya kazi

Nataka nikae kidogo hapa, maana wachambuzi wengi hukimbilia makosa.

Kabla ya 2022 mzazi wa kijijini alijua kitu kinaitwa chaguo la pili. Mtoto amefaulu darasa la saba, jina halipo kwenye orodha ya kwanza, sababu ni kwamba darasa la kukalia halipo. Anasubiri nyumbani. Januari na Februari mtendaji wa kata anapita na daftari la michango, mkuu wa wilaya anatoa siku kadhaa boma liezekwe, na mtoto anaingia shule wenzake wameshamaliza mada mbili tatu. Wapo ambao hawakuingia kabisa, hasa wasichana, maana mwezi mmoja au miwili ya kukaa nyumbani inatosha mambo kubadilika.

Mwaka ule wanafunzi 907,802 walifaulu mtihani wa darasa la saba, na Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI, akatangaza kuwa wote wamepangiwa shule kwa mkupuo mmoja. Kwa mzazi huo ndio utendaji wa halmashauri. Hajali alama za ukaguzi, hajui bodi ya zabuni inakutana lini. Anajua mwanawe kaenda shule siku moja na mtoto wa jirani. Ukiniuliza kama uamuzi wa kutumia fosi akaunti ulikuwa sahihi, nitajibu ndiyo bila kigugumizi. Kwa njia ya zabuni za kawaida vyumba vile visingekuwapo.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye taarifa za utekelezaji. Mkandarasi anapokuja na kikosi chake kutoka mjini, fedha ya ufundi inaondoka naye. Fundi wa kijiji anapojenga, fedha inabaki: inalipa karo ya mtoto wake, inanunua mbolea, inarudi dukani palepale. Waliogonga kokoto, waliochota mchanga, waliofyatua tofali na waliosomba maji kwa pikipiki walilipwa kutoka kwenye milioni 20 zilezile. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016, taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri hizohizo zinatoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi, kwa mgawanyo wa nne-nne-mbili: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Madarasa yalikuwa nafasi ya kuunganisha vitu hivi viwili: kikundi cha vijana kilichokopeshwa mashine ya tofali kiuze tofali kwa shule iliyo kilomita mbili. Sheria ilitaka, soko lilikuwepo, kikundi kilikuwepo. Lakini kuunganisha hivyo kunahitaji ofisa maendeleo ya jamii na ofisa ununuzi wakae meza moja kabla fedha haijashuka, na siku 82 hazikuwa na nafasi ya meza hiyo. Pale palipotokea, ni kwa kuwa mtu fulani alikuwa na namba ya simu ya mwenyekiti wa kikundi.

Wote dukani wiki moja

Sasa upande wa pili.

Kwa mfumo ulivyopangwa, kila shule ilikuwa mnunuzi. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya shule, shule ikaunda kamati tatu zilizozoeleka, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na kila kamati ya manunuzi ikaenda kutafuta bei. Nchi ina halmashauri 184. Gawanya madarasa 15,000, wastani ni zaidi kidogo ya 80 kwa halmashauri moja. Yamegawanyika mawili mawili, matatu matatu kwa kila shule. Maana yake, wilaya moja ilikuwa na wanunuzi thelathini au arobaini, wote wanataka bidhaa zilezile, kwenye maduka yaleyale ya mji mdogo wa wilaya, wiki ileile, na kila muuza duka anajua wana tarehe ya mwisho na kwamba fedha ipo.

Hakuna mnunuzi dhaifu kuliko huyo. Bei za saruji, nondo na bati zilipanda, na viongozi wakawa wanawaonya wafanyabiashara majukwaani. Sehemu ya upandaji ule haikuwa kosa la muuza duka, maana chuma kilikuwa kimepanda dunia nzima mwaka ule. Lakini sehemu tuliitengeneza wenyewe kwa kwenda sokoni kama kundi la nyumbu, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua makadirio yangu ya mifuko 150 ya saruji kwa darasa moja. Fundi mwingine atasema zaidi, mwingine pungufu, haiharibu hoja. Madarasa 15,000 yanakula mifuko milioni 2.25, sawa na tani 112,500. Tanzania wakati ule ilikuwa inazalisha zaidi ya tani milioni 6 kwa mwaka, yaani kama tani nusu milioni kila mwezi. Madarasa yote nchi nzima hayakufikia robo ya uzalishaji wa mwezi mmoja, na ujenzi ulichukua zaidi ya miezi miwili. Saruji kiwandani haikuisha. Kilichozidiwa ni njia ya kutoka kiwandani kwenda dukani Kibondo, na mtaji wa muuza duka anayeagiza lori moja kwa wiki na ghafla anatakiwa kuwa na malori sita.

Sasa fikiria halmashauri ya madarasa 80 ingekusanya mahitaji yake wiki ya kwanza. Mifuko 12,000, tani 600, malori 20 ya tani 30. Huyo si mteja wa dukani tena, huyo anaongea na wakala mkuu au na kiwanda chenyewe, na anaweza kudai bei isibadilike hadi Desemba na mzigo ufikishwe kwenye shule. Tuseme angepunguziwa shilingi 1,500 tu kwa mfuko. Hizo ni milioni 18, karibu darasa zima, kwenye saruji peke yake, bila kugusa bati wala nondo.

Njia za kisheria zilikuwepo. Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, GPSA, una kazi hiyohiyo ya mikataba maalumu, ambapo bei na wazabuni vinajulikana mapema na taasisi inaagiza tu inapohitaji. Kilichokosekana ni uamuzi wa kugawa vifaa makundi mawili. Vinavyosafiri kutoka mbali (saruji, bati, nondo, misumari, rangi) vinunuliwe pamoja na halmashauri. Vinavyochimbwa au kutengenezwa karibu (mchanga, kokoto, tofali, maji, na ufundi) vibaki mikononi mwa shule na kijiji. Badala yake vyote vikawekwa kapu moja na kapu akapewa mwalimu.

Lazima nikiri, kukusanya mahitaji kuna hatari zake, na waliokuwepo enzi za vifaa kununuliwa makao makuu ya wilaya wanazikumbuka. Mzabuni anakuwa mmoja, na mara nyingine ni rafiki wa mtu. Bati za geji 30 zinafika badala ya geji 28. Mkuu wa shule anasainishwa hati ya kupokea mzigo ambao nusu haujashuka. Fosi akaunti ya ngazi ya shule ilipendwa kwa sababu ilikata mikono hiyo. Dawa, nadhani, ni kuiachia kamati ya mapokezi ya shule nguvu kamili ya kukataa mzigo, na kutomlipa mzabuni mpaka kamati hiyo isaini. Bei ipatwe juu, ubora ukaguliwe chini. Hilo halikuhitaji sheria mpya.

Temeke na Kakonko

Milioni 20 zilikuwa zilezile kila mahali. Hili liliniudhi wakati ule na linaniudhi mpaka leo.

Temeke iko ndani ya Dar es Salaam, ambako kuna kiwanda cha saruji Wazo Hill upande mmoja na kingine Kimbiji upande wa pili. Lori la saruji linafika kabla ya saa nne. Kakonko iko Kigoma kaskazini, mamia kwa mamia ya kilomita kutoka kiwanda chochote kikubwa. Ukerewe ni kisiwa. Mzigo unapakiwa, unashushwa, unapakiwa kwenye kivuko, unashushwa tena, na kila mkono unaougusa unalipwa. Ukerewe pia ina visiwa vidogo ambavyo baada ya kivuko kuna mtumbwi. Darasa la vipimo vilevile, mabati yaleyale, fedha ileile.

Kiwango kimoja kina uzuri wake. Ni rahisi kukitangaza, ni rahisi kukikagua, na mwananchi yeyote anaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza "milioni 20 zetu ziko wapi?" Nguvu hiyo ya kuuliza nisingependa ipotee. Lakini kiutendaji kiwango kimoja kilimpa mkuu wa shule wa pembezoni uchaguzi mbaya kati ya mitatu: kupunguza ubora, kukopa kwa wenye maduka, au kurudi kwa wananchi kuomba nguvu zao. Wengi walirudi kwa wananchi. Msingi ulichimbwa kwa nguvu za watu, mchanga ukasombwa kwa nguvu za watu, maji yakabebwa na wanafunzi. Taarifa ikasema darasa limejengwa kwa milioni 20.

Miezi miwili tu kabla ya hapo, Agosti 2021, TAMISEMI ilikuwa imetangaza bilioni 7 za tozo ya miamala ya simu kumalizia madarasa 560, yaani milioni 12.5 kwa kila boma. Pale mpango ulikiri wazi kwamba wananchi wameshainua kuta na serikali inamalizia. Kwenye milioni 20 mchango wa wananchi ulijificha ndani ya hesabu, na kwa hiyo mwaka uliofuata hakuna aliyeweza kusema darasa la Kakonko linagharimu nini hasa. Gharama isiyoandikwa haiwezi kuingia kwenye bajeti ijayo.

Na udongo nao una la kusema. Mchoro ulikuwa mmoja. Kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi unatakiwa ushuke zaidi na nondo ziongezeke. Kwenye mwamba unaokoa. Mhandisi mwenye maeneo arobaini na gari moja hafiki kabla msingi haujafukiwa. Anafika ukuta umefika madirishani, anatazama, anasaini.

Mwalimu mbele ya mkaguzi

Ukaguzi ulipofika, hoja zilikuwa za aina inayojulikana, na ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) juu ya serikali za mitaa zimezirudia mwaka hadi mwaka kwenye miradi ya fosi akaunti: ununuzi bila kushindanisha bei, vifaa visivyokaguliwa na kamati ya mapokezi, malipo yasiyo na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), leja ya stoo isiyojazwa, mihtasari ya vikao isiyoonekana, kazi isiyokamilika wakati fedha imeisha.

Baadhi ya hoja hizo zinaficha wizi. Hilo sina ubishi nalo. Lakini nyingi ni matokeo ya kumpa mtu kazi asiyoisomea, kwa haraka, na kumwachia saini yake iwe ndiyo dhamana. Muuza mchanga wa kijijini hana mashine ya EFD na hajawahi kuiona. Bei tatu za kushindanisha unazitoa wapi kwenye mji wenye duka moja la vifaa vya ujenzi? Mwalimu anaenda kwenye duka hilohilo, mwenye duka anamwandikia proforma (hati za bei) tatu zenye mihuri mitatu ya maduka tofauti, na jalada linakaa vizuri. Kodi ya zuio ya asilimia 2 haikukatwa kwa sababu muuzaji alikataa kuuza ikikatwa, na darasa linasubiri. Mkaguzi akija miezi sita baadaye anakuta karatasi, hakuti mazingira. Mwalimu mwaminifu asiyejua kutunza jalada anapata hoja. Mjanja anayejua proforma tatu hapati.

Hapa ndipo ununuzi unapogeuka kuwa suala la utendaji wa halmashauri nzima. Mkuu wa shule aliyetumia muhula kujenga hakusimamia ufundishaji wa muhula huo. Mwalimu wa taaluma aliyekuwa katibu wa kamati ya manunuzi aliacha vipindi. Gharama hiyo haimo kwenye milioni 20 na haitaonekana kwenye jedwali lolote. Mkandarasi, pamoja na ubaya wake wote, anamwachia mwalimu darasa lake. Makandarasi wenyewe wamekuwa wakilalamika kwa miaka kwamba fosi akaunti imewanyang'anya kazi wakati wao ndio wanaolipa kodi na kuajiri mafundi sanifu. Mimi nawasikiliza nusu, kwa sababu bei walizokuwa wakiiwekea serikali kabla ya hapo ndizo zilizotufikisha huku.

Kilichohesabiwa

Kila wiki mikoa ilipeleka taarifa, kila taarifa ilikuwa na safu zilezile: msingi, boma, kupaua, kuezeka, kumalizia. Wakuu wa mikoa walishindana nani wa kwanza. Kipimo kilikuwa idadi na tarehe, na halmashauri zikatoa idadi na tarehe. Hakukuwa na safu ya bei ya mfuko wa saruji kwa kila shule. Ingekuwepo, kwa simu na jedwali tu, mkurugenzi angeona ndani ya wiki moja kwamba shule mbili zenye umbali sawa zinanunua kwa bei tofauti, na angejua pa kuuliza. Taarifa hiyo ilikuwepo kwenye risiti. Hakuna aliyeiomba.

Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 2022, ikaja awamu nyingine: madarasa 8,000, bilioni 160. Gawanya: milioni 20 tena, wakati vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha mafuta na usafiri. Muda mfupi tena. Waliofaulu darasa la saba 2022 walikuwa zaidi ya 1,073,000, kundi kubwa kuliko lililotangulia, na hapa ndipo ninaporudi kwenye neno dharura.

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Uandikishaji wa darasa la kwanza uliruka nchi nzima, magazeti yaliandika, picha za watoto wamejaa darasani zilizunguka. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza 2016 anamaliza la saba 2022 na kubisha hodi sekondari Januari 2023. Halmashauri ilikuwa na idadi yake, kwa kata na kwa shule, miaka saba kabla. Fedha za UVIKO zilikuja kwa bahati ya aina yake, siwezi kulaumu mtu kwa kuzikimbiza. Lakini awamu ya 2022 haikuwa na chochote cha ghafla isipokuwa barua ya kutumwa kwa fedha. Tulinunua kwa bei ya dharura kitu tulichokijua tangu watoto hawajajua kusoma.

Tangu wakati huo vyombo vimebadilika. Mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, ulichukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023, na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10 ya 2023, ilianza kutumika Juni 2024. Mafundi nao wametakiwa kujisajili kwenye mfumo, jambo ambalo kwa fundi asiye na simu janja ni safari ya kwenda kwa kijana wa steshenari. Uzuri wake ni kwamba bei sasa zinaacha alama. Mtu aliyeko makao makuu anaweza kuona mfuko wa saruji ulinunuliwa kiasi gani wilaya gani, bila kusubiri mkaguzi. Kama kuna anayetazama kwa jicho hilo, au mfumo umekuwa mahali pengine tu pa kupandisha karatasi, itaonekana kwenye zoezi kubwa lijalo.

Zoezi hilo lina tarehe. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioanza darasa la kwanza 2021 wanamaliza darasa la saba 2027; walioanza 2022 wanamaliza la sita mwaka huohuo. Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza pamoja. Majina yao, kata kwa kata, yameshaandikwa kwenye rejista za mahudhurio, na mwalimu wa darasa huyaita kila asubuhi.